Ruvuma ikichafuka, nani anajibu?

Novemba 2018 nilikuwa nimekaa na mjomba wangu chini ya mwembe, nje ya ghala la chama chao cha msingi, katika kijiji kimoja cha Tandahimba. Malori ya jeshi yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Vijana wenye kombati walikuwa wanapakia magunia ya korosho ghafi, wawili kila gunia, na mmoja mwenye daftari amesimama kwenye mlango wa ghala akihesabu kwa sauti. Mjomba amelima mikorosho maisha yake yote. Ameona minada ikigomewa, ameona stakabadhi ghalani ikianza, amewajua kangomba, walanguzi wa korosho, kwa majina yao. Ila korosho kubebwa na wanajeshi hakuwahi kuona. Aliwatazama muda mrefu, kisha akaniuliza:

“Mpwa wangu, hawa mkubwa wao nani?”

Nikamwambia Rais, Amiri Jeshi Mkuu.

“Huyo namjua. Nauliza wa chini yake.”

Nikamtajia Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo.

“Huyo naye ni askari. Mimi nauliza yule ambaye mbunge wangu anaweza kumsimamisha bungeni akamuuliza.”

Jibu nilikuwa nalo. Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa alikuwa Dk. Hussein Mwinyi. Lakini katika sakata lile lote sikuwa nimemsikia. Bei ya shilingi 3,300 kwa kilo aliitangaza Rais Magufuli. Mawaziri walioondolewa walikuwa wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Habari za uhakiki wa mashamba na za malipo, ambayo kwa wakulima wengi yalichelewa hadi mwaka uliofuata, tulizisikia kutoka kwa Waziri mpya wa Kilimo. Wizara yenye vijana waliokuwa wanatokwa jasho mbele yetu haikuwa na sauti katika jambo hilo.

Swali la mjomba limenikaa tangu siku ile, na kila nikisoma historia ya kiti cha Waziri wa Ulinzi naona ndilo swali lenyewe.

Turudi 1964. Usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke, nafasi zao zichukuliwe na Waafrika. Maasi yakafika Tabora, na huku kwetu yakafika Nachingwea, ambako kulikuwa na kikosi kidogo. Mtu aliyekwenda kuzungumza na waasi uso kwa uso alikuwa Oscar Kambona, aliyekuwa ameshika Mambo ya Nje na Ulinzi kwa pamoja. Mwalimu Nyerere alikuwa amefichwa. Hebu fikiria uzito wa kiti hicho siku ile: waziri mmoja, ndani ya kambi iliyojaa askari wenye hasira na bunduki, anabembeleza ili nchi isianguke. Januari 25 makomando wa Uingereza wakateremka kutoka manowari ya HMS Centaur, maasi yakazimwa, jeshi lile likavunjwa. Septemba 1, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mrisho Sarakikya.

Nchi ilijifunza somo gumu pale, na somo hilo ndilo lililoamua sura ya wizara kwa miaka mingi iliyofuata. Mwalimu hakutaka tena jeshi lisimame peke yake mbali na siasa. Hakutaka pia ulinzi ukae mbali na mkono wake. Baada ya Muungano, masuala ya ulinzi yakawekwa chini ya Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, mtu wa kusini kama sisi, ambaye Mwalimu alimwamini kuliko karibu wote. Askari wapya wakachukuliwa kutoka vijana wa TANU na wa JKT. Ndani ya vikosi wakawekwa makamisaa wa siasa. Mwanajeshi akawa mwanachama, na mwanachama akafundishwa kuwa mgambo.

Wachambuzi wengi huona mpango huo kama kamba aliyofungwa askari tu. Kwa watu wa mpakani ulikuwa pia njia ya kusikilizwa. Wazee wa vijiji vya kando ya Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, wanasimulia miaka ambayo Mreno alikuwa ng'ambo, ametega mabomu ya ardhini, na ndege zake zikivuka mto. Nachingwea ilikuwa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, Samora Machel akiishi humo. Ukimwona mtu mgeni kwenye kivuko ulimwambia balozi wa nyumba kumi, balozi akamwambia katibu wa tawi, na habari ikapanda ngazi mpaka kwa mtu mwenye amri. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Mwanakijiji hakuhitaji kujua Waziri wa Ulinzi ni nani, kwa sababu chama kilikuwa kinafanya kazi ambayo mahali pengine waziri ndiye angeifanya: kuunganisha bunduki na watu.

Mwaka 1972 wizara ikawa na waziri wake, Edward Sokoine, kijana wa Monduli ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 35. Alikaa hadi 1977, alipokuwa Waziri Mkuu, na Kawawa akarudi Ulinzi. Kwa hiyo Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, Waziri wa Ulinzi alikuwa Kawawa. Lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa na akili zake wakati ule, sauti aliyoisikia redioni ni ya nani. Atakutajia Mwalimu na maneno yake ya Novemba 2: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ukimuuliza majina ya uwanja wa vita atakutajia Musuguri na Mayunga. Kawawa, waliyemwita Simba wa Vita, alikuwa ndani ya mashine, akihakikisha inazunguka. Sidhani kama ilikuwa aibu kwake. Ndivyo kiti kilivyokuwa kimeundwa.

Vita vilipokwisha, 1980, Jenerali Abdallah Twalipo aliyekuwa Mkuu wa Majeshi akapewa wizara. Askari akawa waziri. Wapo waliofuata wenye historia ya jeshi, kama Abdulrahman Kinana aliyestaafu akiwa kanali, na wapo madaktari na maprofesa, kama Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa, na Juma Kapuya. Sitawataja wote. Ukiwapanga kwenye mstari huoni sifa moja inayowaunganisha, si kazi, si mkoa, si umri. Kinachowaunganisha ni kuaminiwa na Rais wa wakati huo, basi. Na Katiba yenyewe haisaidii. Sura ya Tisa, inayohusu majeshi ya ulinzi, ina ibara mbili tu, ya 147 na ya 148. Zinazungumzia nani anaruhusiwa kuunda jeshi, zinamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, zinaeleza madaraka ya Amiri Jeshi Mkuu. Waziri wa Ulinzi humo hayumo.

Nataka nikae kidogo kwa Salim Ahmed Salim, kwa sababu kwake historia ya kiti hiki inaingia Mtwara na kulala hapa.

Samora, akiwa Rais wa Msumbiji, alikufa kwenye ajali ya ndege Oktoba 1986. Waasi wa RENAMO walikuwa wanasonga mbele katika jimbo la Zambezia. Tanzania ikapeleka wanajeshi kuwasaidia Wamsumbiji, wakakaa huko mpaka mwishoni mwa 1988. Salim alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi, mwanadiplomasia hodari kabisa, ambaye 1989 aliondoka kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wengine katika wale waliokwenda Msumbiji hawakurudi wazima.

Wako Naliendele. Kutoka Mtwara mjini ni mwendo mfupi tu. Watu wengi wakisikia Naliendele wanafikiria kituo cha utafiti wa korosho, mahali ambapo miche inazaliwa na dawa za ugonjwa wa ubwiriunga zinajaribiwa. Lakini yako pia makaburi ya mashujaa waliofia Msumbiji. Nimekwenda mara kadhaa Julai 25, Siku ya Mashujaa, na mara nyingine siku ya kawaida isiyo na gwaride wala shada. Siku ya kawaida ndiyo inayokupa pole ya kweli. Safu ya makaburi, saruji, jua la saa saba, mijusi inakimbia kati ya mistari. Nilimkuta mama mmoja amekaa pembeni na khanga ameitandika, hana maua, ana chupa ya maji. Sikumuuliza ni nani wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba baba, tukanyamaza wote wawili.

Nilipotoka pale nilijiuliza kitu kimoja. Kizazi changu kinajua kila jambo kuhusu Kagera: nyimbo, tarehe, ndugu waliokwenda. Kuhusu Zambezia hatujui karibu lolote. Vita vya Kagera Mwalimu alivieleza kwa wananchi mwanzo mpaka mwisho. Vita vya Zambezia havikuelezwa hivyo na yeyote. Wa kuvieleza alikuwa Waziri wa Ulinzi, na kazi hiyo haikuwa sehemu ya kiti chake.

Kisha ukaja mwaka 1992. Mfumo wa vyama vingi ukarudi, na kwa haki kabisa askari wakatolewa kwenye chama. Makamisaa wakaondoka, na tawi la chama kambini likafungwa. Hoja yangu yote inasimama juu ya mwaka huu, kwa hiyo naomba nieleweke. Kumtoa askari kwenye siasa za vyama lilikuwa jambo jema, nami sitaki kuliona likirudishwa. Lakini ile njia ya kusikilizwa niliyoieleza, kutoka kwa balozi mpaka kwa mwenye amri na kurudi, ilikatwa siku hiyohiyo, na hakuna aliyejenga nyingine. Wa kuijenga alikuwa waziri. Hapo ndipo kiti kilipaswa kubadilika kutoka kiti cha mtu wa kuaminiwa na Ikulu kwenda kiti cha mtu wa kujibu. Hakikubadilika. Tumeendelea na waziri wa muundo wa 1964 katika nchi ya 1992, mpaka leo.

Matokeo yake tuliyaona Mtwara kwa macho yetu Mei 2013. Bajeti ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni tarehe 22, ikathibitisha kwamba bomba la gesi linakwenda Dar es Salaam, na mji ukawaka. Matairi yalichomwa, nyumba zikateketea, watu wakafa. Jeshi likaingia mitaani. Asubuhi iliyofuata barabara za Magomeni na Chikongola zilikuwa tupu, maduka yamefungwa, na watu wakichungulia kupitia madirisha. Yapo mengi ya kusema kuhusu gesi yenyewe, nimeyaandika siku nyingine. La leo ni hili: siku zile mwananchi wa Mtwara aliyetaka kujua wanajeshi wako mtaani kwake kwa amri gani, kwa muda gani, na akiumizwa alalamike wapi, hakuwa na mtu wa kumwendea. Waziri wa Ulinzi alikuwa Shamsi Vuai Nahodha. Desemba mwaka huohuo Rais Kikwete alitengua uteuzi wake pamoja na mawaziri wengine watatu, baada ya kamati ya Bunge kueleza mateso waliyoyapata wananchi katika Operesheni Tokomeza, iliyokuwa ya kupambana na ujangili. Hakutuhumiwa kumpiga mtu. Alibeba dhamana ya kiti. Kwa hiyo inawezekana! Kumbe Bunge likichunguza na likasema wazi, kiti hiki kinaweza kuwajibika kama viti vingine.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Mabomu ya Mbagala yalilipuka Aprili 29, 2009, ya Gongo la Mboto Februari 16, 2011. Ghala la jeshi lililipuka katikati ya makazi ya watu mara mbili ndani ya miaka miwili, na mara zote mbili watu walipoteza maisha na nyumba. Dk. Hussein Mwinyi ndiye aliyekuwa waziri mara zote mbili, na wito wa kumtaka ajiuzulu ulikuwa mkubwa. Hakujiuzulu. Wengi wakakumbusha kwamba baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga ambayo hakuyafanya yeye. Sisemi mtoto alikosa na baba alipatia, maana mazingira hayakuwa sawa. Nasema tu kwamba nchi hii iliwahi kuwa na mazoea ya waziri kubeba mzigo wa waliofanya kazi chini yake, na mazoea hayo Wizara ya Ulinzi imeyaonja kidogo sana.

Sasa Kitaya.

Oktoba 14, 2020, usiku, wapiganaji waliotoka upande wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya. Waliua, wakachoma nyumba, wakapora. Watu waliobaki walikimbia na watoto mgongoni, wengine wakafika mjini hawana hata sahani. Vita vilikuwa vimevuka mto. Aliyejitokeza kuwaeleza wananchi alikuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP Simon Sirro, ndiye aliyetaja kwamba washambuliaji walikuwa kama 300. Watu 300 wenye silaha wanavuka mpaka wa nchi, na msemaji ni polisi! Dk. Mwinyi wakati huo alikuwa Zanzibar kwenye kampeni za urais, akaapishwa Novemba 2. Ilikuwa haki yake kugombea. Lakini watu wa Kitaya walibaki na swali lilelile la mjomba.

Septemba 2021 Rais Samia alimteua Dk. Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hiki, na akasema wazi kwamba amevunja ile dhana kwamba Wizara ya Ulinzi lazima awepo mwanaume mwenye misuli, kwani kazi ya waziri ni kusimamia sera na utawala, si kubeba mzinga. Nilifurahi kuyasikia maneno hayo, na si kwa sababu ya jinsia peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumsikia Amiri Jeshi Mkuu akieleza hadharani kiti hiki ni cha kazi gani. Na uteuzi wenyewe ulikuwa na mantiki kwa sisi wa kusini: Dk. Tax alikuwa ametoka kuwa Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo katikati ya 2021, yeye akiwa bado ofisini, iliamua kupeleka majeshi Cabo Delgado, Tanzania ikiwamo. Aliijua faili ya Ruvuma kuliko mtu yeyote aliyemtangulia. Ni kama tulirudi kwa Kambona, ulinzi na mambo ya nje kwenye kichwa kimoja. Mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Mambo ya Nje, Innocent Bashungwa akaingia Ulinzi, na 2023 Dk. Tax akarudishwa tena. Kwa mpaka unaohitaji mtu mmoja akae aujue, kuhamahama huko hakukutusaidia.

Najua atakayenijibu. Atasema mambo ya ulinzi ni siri, adui anasikiliza, na kwamba nchi yetu haijawahi kupinduliwa hasa kwa sababu jeshi na waziri wake wamekaa kimya. Hoja hiyo ina uzito, na mtu aliyeona majirani zetu wanavyoteseka hawezi kuidharau. Lakini tutofautishe. Kikosi kiko wapi, kina silaha gani, doria inapita saa ngapi, hayo yabaki siri, na hakuna mwanakijiji wa Kitaya anayeyataka. Anachotaka kujua ni kama anaweza kurudi kulima bondeni msimu huu. Anataka kujua kijana wake aliyekwenda Nangade, ng'ambo ya mto, yuko chini ya makubaliano gani, baada ya kikosi cha SADC kufungasha 2024 na wa kwetu kubaki. Anataka kujua nyumba iliyochomwa na mvamizi kutoka nje ni ya kufidiwa au ni bahati mbaya. Hakuna adui atakayenufaika na majibu ya maswali hayo.

Kila Mei wizara husoma bajeti Dodoma. Wabunge huuliza fidia ya ardhi iliyomezwa na kambi, hushukuru jeshi kwa kuokoa watu kwenye mafuriko, hupitisha fungu, wanakwenda. Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama hufanya mengi nyuma ya pazia, naamini hivyo. Ninachokiomba ni kidogo. Waziri, awe nani, aje mpakani angalau mara moja kwa mwaka, bila gwaride, akae kwenye mkutano wa kijiji Kitaya au Mtambaswala, aulizwe na watu, ajibu la kujibika na aseme hadharani lipi hawezi kulijibu. Na jeshi likitumwa kazi isiyo ya vita, iwe korosho au ghasia za mjini, yeye ndiye asimame mbele ya Bunge kueleza kabla siku 14 hazijapita, muda uleule ambao Katiba inataka Bunge liwe limeitwa Rais akitangaza hali ya vita. Hilo halihitaji Katiba mpya. Linahitaji waziri mmoja aanze, na anayemfuata aone haya kuacha.

Mjomba bado yupo. Juzi nilipita kwake kijijini, nikamkuta anaokota korosho za mwisho wa msimu na wajukuu wawili. Mkubwa wao amemaliza kidato cha sita na ameitwa JKT. Mzee ameshamnunulia sanduku la bati, limekaa mlangoni na kufuli lake jipya. Akaniuliza kama Waziri wa Ulinzi bado ni yule mama. Nikamwambia wamebadilisha.

“Na huyu mpya,” akasema, “amewahi kufika huku?”